Mkono wa Idd, na mikarafuu 12

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu na watoto wetu popote mlipo, mkono wa Idd. Allah atutakabalie swaumu zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awarehemu waliotangulia, atufikishe mwakani tukiwa na uzima na imani. Amin.

Mwaka umekuwa mzito. Sukari imepanda, nazi tunanunua mojamoja, na ziko nyumba ambazo mwezi mzima futari ilikuwa muhogo na chai ya rangi. Alhamdulillah kwa kila hali.

Kwetu kuna pengo. Shangazi alitutoka mwezi wa Rajabu. Kila mkesha wa Idd yeye ndiye aliyekuwa akipima zaka ya fitri ya nyumba nzima. Hakuwa akisawazisha pishi kwa kiganja. Aliuacha mchele upande kama kichuguu mpaka umwagike mkekani, na zile punje zilizomwagika nazo akazitia kapuni. Safari hii nimepima mimi. Mkono ukaenda wenyewe kusawazisha, nikasita.

Maana mama huyu aliyeogopa kupunja punje, sisi tulimpunja. Babu aliacha mikarafuu 36 na warithi wawili, baba na yeye. Hesabu yake haihitaji kadhi: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, yaani 24 kwa 12. Hakupewa hata mmoja. Aliambiwa kaolewa, mumewe ana chake. Kila msimu alikuja jamvini kwetu kuchambua karafuu, akalipwa kwa pishi kama kibarua yeyote. Baba alipofariki, nami nikaendelea kuchuma. Sikumwambia neno, naye hakuniambia.

Tukisikia dhuluma tunamfikiria Firauni na wenye vyeo. Wanavyuoni wetu wameieleza kwa maneno machache tu: kuweka kitu pasipo mahali pake. Ndiyo maana Luqman alimwambia mwanawe kuwa shirki ni dhuluma kubwa, na Adam na Hawa wakaomba, "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu." Hizo ni baina ya mja na Mola wake, na mlango wa toba uko wazi maadamu roho haijafika kooni. Ya mja kwa mja haifutiki kwa kulia msikitini usiku wa 27. Katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Allah kwa ulimi wa Mtume, aliyoipokea sahaba Abu Dharr, Allah anasema amejiharamishia dhuluma Mwenyewe, akaiharamisha baina yetu. Mwenye kila kitu amejizuia, sisi tunashindwa na miti! Na Mtume (s.a.w.) ametuusia: aliyemdhulumu nduguye ajihalalishe kwake leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Siku hiyo yatachukuliwa mema yake, na yakimalizika atabebeshwa madhambi ya aliyemdhulumu. Yaani tushinde na njaa mwezi mzima, thawabu akachukue mwengine?

Enyi wenye vibarua, walipeni. Enyi wenye mizani, isomeni tena Suratul Mutaffifin, sura ya wapunjao vipimo. Enyi mlioshika mali za mayatima na za dada zenu, kumbukeni sahaba Muadh alipopelekwa Yemen aliambiwa na Mtume aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani haina pazia baina yake na Allah. Na huu ujumbe wa "nisamehe kwa yote niliyokukosea" tunaowatumia watu 200 kwa mpigo kila Idd, yule mmoja anayestahiki hatumpigii hata simu. Mimi wangu yuko kaburini.

Jumatatu, inshaallah, nakwenda shamba na ndoo ya chokaa kutia alama mikarafuu 12, ile inayozaa ya karibu na njia, si mizee ya bondeni. Nimempigia simu mwana mkubwa wa shangazi kumjulisha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na karafuu za miaka yote hiyo, kaka?"

Nimemwambia aje na daftari.

Taqabbalallahu minna waminkum. Idd Mubarak.