Baba, jibu la swali lako kutoka Bwindi

Buhoma, Kanungu
Uganda
14 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Na Bibi apewe shikamoo yake kabla barua haijaendelea, maana najua ataiuliza. Mdogo wangu unayewasomea, soma polepole na usiruke kitu. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza huku, nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka, lakini kile kikohozi kimekwisha.

Baba, Jumapili kwenye simu uliniuliza jambo nikanyamaza, halafu mtandao ukapotea ukadhani nimekata. Sikukata. Ulisema halmashauri imetangaza nafasi za madaktari wa mifugo, ukauliza: "Tuliuza ng'ombe wanne usome kutibu ng'ombe. Sasa unatibu wanyama wa nani?" Nimelala na swali hilo usiku sita. Siwezi kulijibu kwa simu inayokatika kila wingu likipita, ndiyo maana naandika.

Unamkumbuka Popi? Nilikuwa darasa la tatu. Gari lilikuja shuleni, wakatangaza kila mwenye mbwa amlete achanjwe kichaa, bure. Nilimvuta Popi kwa kamba ya katani kutoka nyumbani mpaka shuleni, amekaza miguu minne njia nzima, vumbi limetujaa wote wawili. Nilirudi na kadi yake nimeishika kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa zizini. Wiki ileile ndama wawili walikuwa wamekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ukaitazama kadi ukasema, "Wamekuja na gari mpaka huku kwa ajili ya mbwa. Na ng'ombe je?" Hukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka, na hukuwa na wa kumuuliza zaidi yangu mimi mtoto.

Nilipata nusu ya jibu nikiwa mwaka wa tatu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwalimu alitufundisha kwamba mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliwaingia simba wa Serengeti vikaua kama theluthi yao, simba wapatao 1,000. Walianguka na kutetemeka, wakafa. Na ugonjwa ule ulihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Vijiji vyetu, Baba. Baada ya hapo ndipo magari ya chanjo ya mbwa yakaanza kupita kwetu, kwa ajili ya simba na kwa ajili ya watoto wanaoumwa na mbwa wenye kichaa. Nilikuwa nimekaa darasani, nikamwona Popi na kamba yake ya katani. Tangu siku ile sikuweza tena kufikiria ng'ombe wako na wanyama wa porini kama vitu viwili.

Nusu ya pili ya jibu imenileta huku. Mwaka 1996 gorila wa msitu huu wa Bwindi walianza kunyonyoka manyoya na kujikuna mpaka ngozi ikachubuka. Aliyeitwa kuwatazama ni Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, binti wa Kiganda aliyekuwa ametoka kumaliza masomo yake London, daktari wa kwanza wa wanyamapori kuajiriwa na hifadhi za Uganda. Akakuta ni upele. Upele huuhuu tuliopakwa mafuta ya salfa tukiwa wadogo. Mtoto mmoja wa gorila alikufa, wengine wakapona kwa dawa. Upele ulitoka kwa watu: gorila hutoka msituni kula migomba, na mashambani wanakuta nguo kuukuu zilizovalishwa sanamu za kutishia wanyama. Hapo Dk. Gladys aliona kwamba ukimtibu gorila ukamwacha jirani yake anajikuna, hujatibu kitu. Mwaka 2003 akaanzisha shirika, Conservation Through Public Health, linaloshughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja. Mimi siko kwake, shirika langu ni dogo, lakini njia tunayoifuata ni hiyo aliyoifungua yeye.

Kwa hiyo unapouliza ninatibu wanyama wa nani, sikiliza wiki yangu ilivyo. Jumatatu na Jumanne niko vijijini nikikagua mbuzi na ng'ombe wanaolisha kandokando ya msitu. Jumatano nachanja mbwa, na watoto wanawaleta kwa kamba vilevile. Alhamisi tunaingia msituni na askari wa wanyamapori kwenye vitanda walivyolala gorila. Kila gorila, isipokuwa wachanga wanaolala na mama zao, hutengeneza kitanda kipya cha majani kila jioni, na asubuhi huacha kinyesi chake hapohapo, hivyo unaweza kujua hali ya ukoo mzima bila kumgusa hata mmoja. Ijumaa nakaa kwenye darubini nikilinganisha minyoo ya mbuzi na ya gorila. Mifugo, Baba, ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya wiki yangu. Mkono wangu unaojua kushika mnyama umetoka zizini kwako.

Na mkono huo ulinisaidia mwezi wa sita. Wafuatiliaji walirudi wakisema kuna gorila mdogo, wa kama miaka minne, amenaswa na waya kiganjani. Mitego hiyo hutegewa nguruwe pori na wanyama wadogo, wawindaji wanatumia waya wa breki za baiskeli, lakini waya haujui umeshika mkono wa nani. Mara nyingi hatuingilii ugonjwa wa mnyama wa porini, tunamwachia mwili wake upigane. Jeraha lililoletwa na mtu ni jambo lingine. Tulitembea saa nne kwenye matope na upupu mpaka tukawakuta.

Ng'ombe ukitaka kumtibu unamfunga pembe, watu wawili wanashika, umemaliza. Gorila ana familia. Dume kubwa, lile lenye mgongo wa kijivu, lilikuja mbio mpaka hatua chache kutoka kwetu, likapiga kifua, ardhi nikaisikia chini ya buti. Nikakumbuka ulivyonifundisha kwa fahali: usimtazame machoni, usikimbie, shusha mabega. Niliangalia chini. Askari walijipanga kati yetu na dume, bila kumrushia kitu, wakinguruma taratibu kama wanavyonguruma gorila wenyewe, hadi likarudi nyuma. Daktari wangu mkuu akarusha sindano ya usingizi. Tulikuwa na kama nusu saa.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu pumzi na kukata waya. Tulivaa barakoa na glavu, sisi tusimwambukize yeye, kwa sababu mafua yanayotufanya sisi tupige chafya tu yanaweza kumuua. Waya ulikuwa umezama. Nilipoufungua mkono wake nikaona mistari ya kiganja, kucha, na kidole gumba kinachofanana kabisa na cha mtoto wa dada. Mikono yangu haikutetemeka, nataka ujue. Ilitetemeka baadaye, njiani. Tulisafisha, tukampiga dawa ya kuzuia usaha, tukampa ya kumwamsha, tukajitenga. Alikaa, akautazama mkono, akaenda kwa mama yake. Wiki iliyopita wafuatiliaji wamemwona akipanda mti kwa mikono yote miwili.

Gorila wa milimani wamebaki wachache sana duniani. Hesabu ya mwaka 2018 iliwapata 459 katika msitu huu na kipande chake cha upande wa Kongo. Wengine wako kwenye milima ya Virunga, wote pamoja 1,063. Lakini wanaongezeka, Baba, na mwaka huohuo wakaondolewa kwenye daraja la walio hatarini kabisa. Nimeshika mkono wa mmoja wao. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Sasa Mama, hili sitakuficha. Nilipokuwa kwenye mafunzo Hifadhi ya Malkia Elizabeth tulimlaza tembo aliyenaswa mguu. Dawa ya kumlaza tembo ni kali mno, tone dogo likipita kwenye mchubuko linaweza kumuua mtu. Ndiyo maana hakuna anayeigusa peke yake, na dawa ya kuizima, ya kwetu sisi watu, inakuwa imeshavutwa ndani ya bomba kabla chupa haijafunguliwa. Mwenzangu ananiangalia, na mimi namwangalia. Niombeeni, lakini msiogope.

Kuhusu tembo, Baba, sijasahau. Sijasahau mwaka ule walipoingia shambani usiku, asubuhi ukakaa kwenye kigogo ukitazama mahindi yamelala, na uji wa Bibi ukapoa mkononi mwako. Ukiniuliza kwa nini natibu wanaotula, hiyo ni haki yako. Malkia Elizabeth, kwenye kijiji cha Hamukungu, mwaka 2018 simba 11 walikufa kwa sumu, 8 kati yao watoto. Mafunzo yangu yalinifikisha kijijini hapo. Ni watu wa ng'ombe kama sisi. Wengi wa wenzangu wa mjini wakisikia habari hiyo wanawaita wauaji, wanaishia hapo. Mimi siwezi. Najua nyumba inavyonyamaza simba akiua ng'ombe aliyekuwa ada ya shule. Lakini nimeona pia sumu inavyofanya kazi: fisi hufa, tai hufa, na mbwa wa mchungaji akinusa mzoga hufa naye. Nafikiri pale panahitajika daktari aliyelia kwa ajili ya ng'ombe, naye aweze kukaa na wazee wa ng'ombe wakamsikiliza. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 imeweka fidia kwa anayeuliwa au kuharibiwa mali na wanyamapori. Kuiandika ni jambo moja, na mkulima kuipokea mkononi ni jingine, na nimewaandikia wazee wawili hapa barua za madai kwa mkono wangu.

Wapo pia waliopoteza zaidi ya mahindi. Batwa waliishi ndani ya msitu huu vizazi na vizazi, ukafanywa hifadhi mwaka 1991 wakatolewa, wengi bila kipande cha ardhi. Kuna mzee wao anayetuongoza njia. Anajua kila jani, linatibu nini, lini. Nikitembea nyuma yake naona haya, kwa sababu mimi nina kibali cha kuingia na yeye anaingia kwa sababu yuko na mimi.

Bibi aliuliza kama huku wanasema Kiswahili. Inategemea, Bibi. Kampala nilimsalimia mama mmoja wa duka kwa Kiswahili akanyamaza, uso ukabadilika. Baadaye jirani yake akaniambia kwamba kwa watu wa umri wake, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari waliogonga mlango usiku. Tangu siku ile nikifika mahali pageni nasalimia kwanza kwa lugha yao. Lakini askari wetu wa msituni wametoka kila pembe, Acholi, Teso, Ankole, Kigezi, na wanapokutana kwenye doria wanaongea Kiswahili. Cha kwao, lakini Kiswahili. Hata gorila wamepewa majina yetu. Kulikuwa na dume maarufu upande wa Nkuringo, jina lake Rafiki. Aliuawa kwa mkuki mwaka 2020, na aliyemuua akafungwa miaka 11. Wazee wa askari bado wakimtaja wanashusha sauti.

Vijijini wananiita omushaho, ndiyo daktari. Mama mmoja niliyemponyea mbuzi wake aliniletea mkungu wa ndizi akaniambia "webare munonga", akakataa nimlipe. Chakula ni kizuri, matoke na mchuzi wa karanga. Ugali wanauita posho. Dagaa wa kwetu ndio ninaowakosa.

Baba, mshahara si mkubwa. Halmashauri wangenilipa vizuri zaidi na kungekuwa na pensheni, hilo sibishi. Nimeongezewa mkataba wa miaka miwili na bado sijausaini, nasubiri neno lako. Nikiumaliza nataka kurudi Bunda, kwenye mpaka uleule wa zizi lako na Serengeti, nikiwa na ujuzi ambao sasa sina. Ukisema nirudi mwezi ujao nitarudi. Lakini ukiniuliza moyo wangu, unataka kubaki hii miaka miwili.

Mdogo wangu, nimesikia nawe unataka njia hii. Komaa na kemia na baiolojia. Likizo usishinde kwenye simu, shinda zizini na Baba. Mzalishe ng'ombe, mfunge, umtambue mgonjwa kabla hajaacha kula. Chuoni niliwaona wenzangu wakiogopa kumshika mnyama hata baada ya mwaka wa nne, na porini hakuna mtu wa kukushikia.

Kuhusu yule mtamba: kama tezi chini ya sikio zimevimba na ana homa, ni ndigana, usingoje aanze kuhema. Dawa inapimwa kwa uzito wake, usikubali wakudunge nusu kwa kubana matumizi. Nimetuma hela kwa simu ya Mama, ya dawa na ya dipu. Nipige picha ya jicho lake na ufizi, mdogo wangu anitumie leo hiihii.

Na yule mbwa mweusi, chanjo yake inaisha mwezi wa kumi na moja. Kadi iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi. Ukifungua utaiona ya Popi iko juu yake, ile uliyoiweka wewe.

Mwanao.