Kichupa Nilichokikuta Ndani ya Soksi

Mwanangu Salimu,

Natumaini ulifika Dodoma salama. Nilipokuwa nafua nguo ulizoziacha, nilikuta ndani ya soksi ya kijivu kichupa cha mafuta ya manjano, kibandiko chake kimeandikwa testosteroni, homoni ya kiume. Baba yako sijamwambia. Nimekaa nacho siku tatu, nikasoma, nikamuuliza daktari, ndipo nikashika kalamu.

Vyuma unavyonyanyua sina ugomvi navyo, kwani mazoezi huujenga ubongo wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili: waliotembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi zao, yaani sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu, ziliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2, ilhali za wenzao walionyoosha viungo tu zilipungua.

Kinachonitisha ni sindano. Mwaka 2017 watafiti wa Norwei walichapisha picha za ubongo za wanyanyua vyuma, na waliotumia steroidi, yaani testosteroni na dawa za jamii yake za kukuza misuli, walikuwa na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, jembamba kuliko wenzao wasiotumia. Utafiti mmoja hautoshi kuihukumu dawa, lakini wote hao walikuwa watu wa vyuma, kwa hiyo vyuma havilaumiki. Nikakumbuka sahani uliyoibamiza mezani kwa sababu ya chumvi, mdogo wako akajibanza nyuma ya mlango. Nilidhani ni mawazo ya mitihani. Kumbe homoni hizo, hasa zikizidishwa kipimo, huweza kumtia mtu hasira za ghafla. (Usizichanganye na prednisoloni uliyopewa utotoni kwa pumu, jina la steroidi ni moja, kazi ni mbalimbali.)

Hata hivyo, nakusihi usiziache kimyakimya peke yako. Testosteroni ikiingia kutoka nje, ubongo huacha kuziamrisha korodani zitengeneze ya mwili, na mtu akikatisha dawa hubaki bila hiyo wala ile kwa wiki au miezi. Hapo ndipo wengine hushikwa na huzuni nzito, hata mawazo ya kujiua. Unahitaji daktari wa kukupima damu na kukusimamia.

Ijumaa nitapanda basi la alfajiri. Kichupa nimekitia ndani ya bahasha ya kaki, tutakwenda nacho hospitali pamoja. Jioni nitakupikia wali, na chumvi utatia mwenyewe.

Mama yako