Asali ya Tabora ipimwe kwa mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu biashara ya asali katika mkoa wetu wa Tabora, ambalo kwa maoni yangu linawakosesha wafuga nyuki kipato kuliko uhaba wa mizinga au wa mafunzo. Jambo hilo ni kuuza asali kwa dumu.

Kila msimu wa kurina unapofika, wanunuzi huingia vijijini Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua wakiwa na madumu ya njano ya lita 20, na bei inayotajwa ni ya dumu zima. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ya asali iliyoiva vizuri ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo dumu la lita 20 likijaa lina karibu kilo 28. Mfugaji anayeuza madumu 10 huku akihesabu lita moja kuwa sawa na kilo moja, ameachia kilo 80 bila kujua, na huko mjini asali hiyo hiyo inaweza kuuzwa kwa kilo. Hapo nazungumzia dumu la haki. Yapo yaliyotunishwa kwa maji ya moto hadi tumbo likatoka nje, na hayo hubeba zaidi. Lumbesa ya viazi na vitunguu, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo huwakamata wanaoifunga, lakini lumbesa hii ya asali inasafirishwa mchana kweupe na hakuna anayeiuliza.

Wapo watakaosema kwamba bei ya dumu imekwisha kuuzingatia uzito huo. Huenda ni kweli kwa baadhi ya wanunuzi, na sipendi kuwahukumu wote kwa pamoja, kwa sababu wengine ndio pekee wanaofika vijiji vya mbali wakati barabara zimeharibika. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi imo katika ubora. Mfugaji aliyesubiri mpaka nyuki wakafunika masega kwa nta hulipwa sawa na yule aliyewahi kurina masega yakiwa bado wazi, ingawa asali ya huyu wa pili ina maji mengi na haitachukua muda mrefu kabla ya kuchacha. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex Alimentarius vinataka asali, isipokuwa ya aina moja, isizidi unyevu wa asilimia 20. Katika soko la dumu kiwango hicho hakina maana yoyote: mwenye subira hapati chochote kwa subira yake, na mwenye haraka ndiye anayejaza madumu mengi. Asali zote mbili humiminwa katika pipa moja, na sifa inayoharibika ni ya mkoa mzima.

Kifaa cha kupimia unyevu si mtambo wa ajabu. Kinashikwa kwa mkono mmoja. Unadondosha tone la asali juu ya kioo chake, unafunika kifuniko, unakielekeza penye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja, na ule mstari unaotenganisha sehemu yenye kivuli na yenye nuru ndio unaokuonyesha asilimia ya maji. Kijana aliyesoma hadi darasa la saba anaweza kufundishwa kukitumia asubuhi moja. Kikiwekwa pamoja na mizani iliyohakikiwa, katika ghala dogo la kijiji, tayari mmepata kituo cha kununulia asali.

Kituo hicho kiwe cha nani? Jibu langu ni chama cha msingi cha ushirika cha wafuga nyuki wenyewe, na najua kwamba hapa Tabora neno ushirika linawafanya watu wengi wakunje uso. Wakulima wa tumbaku wanakumbuka makato ya dhamana ya pamoja, ambapo mtu aliyelipa pembejeo zake zote alikatwa fedha kwa deni la mwanachama mwingine aliyetorosha tumbaku yake kwa walanguzi. Malalamiko hayo ni ya haki. Pamoja na hayo, tumbaku haikuwahi kuuzwa kwa kukadiria kwa macho: mtumba, yaani robota la tumbaku, hupimwa kwenye mizani, hupangiwa daraja, na kila daraja lina bei yake. Ninachopendekeza ni kwamba wafuga nyuki wachukue mizani na madaraja kutoka kwa tumbaku, na waiache dhamana ya pamoja huko huko ilikozaliwa. Mfuga nyuki hahitaji mbolea ya mkopo, kwa hiyo chama chake hakina sababu ya kuanza maisha kikiwa na madeni.

Kinachohitajika kweli ni fedha za kununulia. Mlanguzi hushinda kwa sababu hulipa papo hapo, na mara nyingine hutoa fedha miezi kadhaa kabla ya msimu, wakati ada ya shule inadaiwa. Chama kinachomwambia mwanachama asubiri hadi asali iuzwe kitabaki na ghala tupu, hata viongozi wake wawe waaminifu namna gani. Utaratibu wa zamani wa malipo ya awali mzigo unapopokewa na malipo ya pili ukishauzwa unafaa hapa, na Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025 ingefaa ionekane katika biashara ya namna hii, ambayo mzigo wake haukai ghalani muda mrefu. Halmashauri nazo, zinapotoa mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zisiishie kununua mizinga tu. Mizinga tumegawiwa ya kutosha, na mingi imening'inia bila nyuki.

Niongeze kuhusu nta. Mzinga wa gogo hutoa nta nyingi kwa sababu masega hukatwa na kukamuliwa, na bado wapo wanaotupa machicha baada ya kukamua, ilhali nta ikiyeyushwa na kuchujwa vizuri ina soko hadi nje ya nchi. Machicha ya mfugaji mmoja hayatoshi kumleta mnunuzi; ya wanachama wote yakikusanywa kituoni yanatosha.

Ombi langu kwa maofisa ushirika wa wilaya, Wakala wa Vipimo na Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapa hapa Tabora ni kwamba kabla ya msimu ujao wachague vijiji vichache, wahakiki mizani yake, wawafundishe vijana kupima unyevu, na wabandike bei ya kilo ukutani kwa kila daraja. Bei hiyo isomwe pia katika mkutano wa kijiji, ili hata mlanguzi akija na dumu lake ajue kwamba anayeongea naye anafahamu uzito wa kilichomo ndani.

Mfuga nyuki,
Sikonge, Tabora