Saa Zenyewe Ndizo Mshahara: Barua kwa Shoga Yangu Mombasa

Tukwila, Washington
Aprili 2025

Shoga yangu Mama Salim,

Assalaam aleikum. Natumai Idi iliwakuta salama, wewe na watoto na mama. Sisi huku tulifunga vizuri, alhamdulillahi, na Idi tuliisali pamoja na Wasomali na Waoromo na Waswahili wachache wa kwetu, msikiti umejaa mpaka nje.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza usiku nilipotoka kazini. Umeniuliza kama ni kweli mji mdogo kama huu wetu uliupigia kura mshahara, na kama dola 21 kwa saa ni kweli au ni maneno ya watu wa ng'ambo. Yote mawili ni kweli, mwenzangu. Lakini hilo la dola ndilo dogo zaidi katika habari yote, na ndiyo maana nimeona nikuandikie barua kamili badala ya kukurekodia.

Tuanze na hizo dola ili tuziweke kando. Tangu Januari mwaka huu kima cha chini cha mshahara hapa Tukwila, mji jirani na Seattle, ni dola 21.10 kwa saa kwa kampuni kubwa. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya 2,700. Najua ukisikia hivyo utazidisha kwa saa nane, kisha kwa siku ishirini na sita, uone mimi nimetajirika. Usizidishe. Kodi ya nyumba peke yake inakula zaidi ya nusu, na hizo saa nane hakuna anayekuhakikishia.

Hapo ndipo mambo yetu, yako ya Nyali na yangu ya huku, yanapofanana. Wewe umesema msimamizi wa hoteli anakupigia simu alfajiri: leo njoo, leo usije. Mimi nilipoanza kazi kwenye maduka ya Southcenter niliahidiwa saa 32 kwa wiki. Nikazipata mwanzoni, halafu zikashuka 24, zikashuka tena mpaka 15. Ratiba ilikuwa ikibandikwa Ijumaa jioni kwa wiki inayoanza Jumapili. Na si kwamba kazi ilikosekana! Kila baada ya muda analetwa mgeni, anafundishwa, naye anapewa saa 15 kama sisi. Nilikuwa nikimtazama yule msichana mpya akijifunza kazi ninayoijua, huku nyumbani nina bili ya umeme, na moyo unaniuma. Yeye hakuwa na kosa lolote.

Kwa nini wafanye hivyo? Sheria ya bima ya afya ya taifa inamhesabu mtu wa saa 30 kwa wiki kuwa mfanyakazi kamili, na kampuni yenye watu 50 au zaidi kwa hesabu hiyo, wa saa chache wakijumlishwa, lazima iwape bima hao wa saa 30 au inaweza kutozwa faini. Kwa hiyo watu wanne wa saa 20 wanakuwa rahisi kuliko wawili wa saa 40. Tena kuna faida ya pili ambayo haiandikwi popote: mwenye saa 15 hakatai simu. Ukimpigia saa kumi na mbili asubuhi umwambie mwenzako anaumwa, njoo, atakuja, hata kama mtoto ana homa. Njaa yake ndiyo inayomfanya awe tayari wakati wote. Na kazi ya pili hawezi kuitafuta, kwa sababu hajui Jumanne ijayo atakuwa wapi.

Sasa kura. Marekani kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 tangu mwaka 2009, na hakijasogea. Lakini majimbo yanaweza kuweka chake, na miji pia pale jimbo linaporuhusu, na kwenye miji kadhaa ya jimbo hili la Washington wakazi wenyewe wanaweza kuandika sheria, wakakusanya saini za wapiga kura, na zikitimia, jambo lao linakwenda kwenye kura. Halihitaji diwani alipende. Kwetu Kenya tunangoja Mei Mosi Rais asimame jukwaani atangaze asilimia. Mwaka jana ilitangazwa asilimia 6, na utekelezaji ukangoja mpaka Novemba. Huku karatasi ya kura inakuja nyumbani kwa posta, unaisoma mezani, unaijaza, unatia saini kwenye bahasha, unaitumbukiza kwenye sanduku la mtaani. Nilipokuwa nimeshakula kiapo cha uraia, nikaifungua bahasha nikaona pale, pamoja na majina ya wanasiasa, swali la saa zangu za kazi! Wallahi nilikaa kimya kwanza.

Walioonyesha njia ni jirani zetu wa SeaTac, mji uliouzunguka uwanja wa ndege. Zamani kupakia mizigo uwanjani kulikuwa kazi ya heshima, watu walijenga nyumba kwayo. Mwaka 2005 shirika la Alaska Airlines liliwaachisha wapakiaji karibu 500 na kuikabidhi kazi ile kampuni nyingine, kwa ujira wa chini zaidi. Baadaye wengi waliobaki kusukuma viti vya wagonjwa, kubeba masanduku na kuosha magari ya kukodi walikuwa wageni, Wasomali na Waafrika wengine wengi miongoni mwao, wakilipwa karibu na kima cha jimbo, ambacho mwaka 2013 kilikuwa dola 9.19. Novemba ile wakapeleka pendekezo la dola 15. Watu walicheka. Dola 15 wakati ule ilikuwa ndoto ya wanaoandamana mbele ya migahawa ya vyakula vya haraka, hakuna mji uliokuwa umeipitisha kwa kura.

Lilipita kwa kura 77. Kura elfu sita na ushei zilipigwa, zikahesabiwa upya, na tofauti ikabaki 77. Fikiria, Mama Salim: watu wa basi moja. Kuna wazee wa Kisomali hapa ambao ile ndiyo ilikuwa kura yao ya kwanza maishani, na bado wanaisimulia. Wenye kampuni wakaenda mahakamani, wakasema mji hauna mamlaka juu ya uwanja wa ndege, na jaji wa kaunti akakubaliana nao. Wafanyakazi wa ndani ya uwanja wakangoja mpaka Agosti 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipowapa haki yao, majaji watano dhidi ya wanne.

Ninachotaka ukione ni hiki. Watu wote wanaikumbuka SeaTac kwa dola 15. Lakini ndani ya pendekezo lile lile mlikuwa na kipengele kingine: mwajiri akiwa na saa za ziada, awape kwanza wale wa saa chache alionao kabla hajaajiri mtu mpya. Aliyekiandika alikuwa ameijua hii kazi.

Nasi Tukwila tulipopiga kura yetu, Novemba 2022, kipengele hicho kilikuwemo. Kampeni iliongozwa na chama cha abiria wa mabasi, Transit Riders Union, na hilo halikunishangaza, kwa kuwa walio kwenye basi la saa kumi alfajiri ni sisi. Zaidi ya wanane katika kila kumi walisema ndiyo. Sheria ikaanza Julai 2023 kwa dola 18.99, na kila Januari inapanda kulingana na bei za vitu. Kuhusu saa inasema hivi: kabla ya kuajiri mtu mpya au kuleta watu wa wakala, mwajiri lazima awatangazie saa hizo wafanyakazi alionao wanaoiweza kazi, na azigawe kwa utaratibu ulio wazi, bila upendeleo. Hawezi kukuadhibu ukiuliza. Halazimiki kukupa saa zitakazomtia kwenye ovataimu, na hilo ni haki.

Mimi niliuliza. Mwenzetu mmoja aliondoka, nikamwandikia meneja barua pepe kwa adabu, nikataja sheria kwa jina lake, nikaomba zile saa. Nikapewa. Leo nina saa 33 na bima, na Jumatano jioni nasoma. Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, anasafisha vyumba kwenye hoteli moja huko SeaTac. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukiomba, omba kwa maandishi. Swahili yake ya Kongo ilinichukua muda kuizoea, sasa ndiye dada yangu hapa.

Utaniuliza, na wenye biashara ndogo? Nami niliuliza, maana pale Tukwila International Boulevard kuna maduka ya Wasomali ya nyama na vitambaa ambayo baba, mama na mtoto mmoja ndio wafanyakazi. Wenye watu chini ya 15 na mapato yasiyozidi dola milioni 2 kwa mwaka hawaguswi. Wenye watu 15 hadi 500 walipewa kupanda kidogo kidogo, watafikia sawa na wakubwa Julai hii. Mimi naona hapo walifikiri vizuri.

Kuna hoja nzito kuliko hiyo, na sitaki kukuficha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliichunguza Seattle baada ya mshahara kupanda kufikia dola 13, wakasema saa za watu wa mishahara ya chini zilipungua kwa karibu asilimia 9, kiasi kwamba mfuko haukuongezeka bali ulipungua. Wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliangalia migahawa ya mji huo huo wakaona ajira haikushuka, na mabishano yakawa makubwa. Wapinzani huitumia ile ya kwanza kusema mshahara usipande. Mimi naisoma vingine. Kama bosi anaweza kukupandishia kwa mkono huu na kukukata saa kwa mkono ule, basi sheria isiyogusa saa ina tundu. Ndiyo sababu nakwambia dola ndizo ndogo.

Na bado yetu haijakamilika. Seattle wana sheria ya ratiba iliyopitishwa na madiwani mwaka 2016: maduka na migahawa ya kampuni zenye watu 500 au zaidi lazima yatoe ratiba siku 14 kabla. Wakikuongezea saa baada ya hapo, wanakulipa saa moja juu yake. Wakikurudisha nyumbani mapema, wanakulipa nusu ya saa ulizopoteza. Ukifunga duka usiku, huitwi kulifungua asubuhi kabla ya saa 10 za kupumzika, na ukikubali kuja mapema unalipwa mara moja na nusu kwa muda huo. Sisi Tukwila hatuna hayo. Ni mwendo mfupi wa treni kati ya miji hii miwili, na mwanamke wa upande ule anajua wiki mbili mbele ni siku gani atampeleka mtoto kliniki, na wa upande huu hajui. Ikija kura ya ratiba hapa, mimi nitakuwa wa kwanza kubisha hodi kwenye milango ya watu. Renton walishapiga yao ya mshahara na saa mwaka jana, Everett Novemba, Burien Februari hii, na zote zimepita, kwa hiyo sioni kwa nini na hili lisiwezekane.

Sasa tuje kwako, maana masika yameanza na wageni wanapungua, na najua simu za alfajiri zitakuwa za "usije". Kenya hatuna kura ya namna hii. Lakini kuna kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na naomba ukisome. Kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anakuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuachishwa bila notisi ya siku 28. Umesema kila unapokaribia mwezi wanakusimamisha siku chache halafu wanakuita tena. Mimi si wakili, lakini usiniambie hiyo ni bahati mbaya.

Nunua daftari. Andika kila siku: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, nani alikupigia na alisema nini. Zile jumbe za simu usizifute, piga picha umtumie na Salim azihifadhi. Waombe na wenzako wafanye vivyo hivyo, hasa wale akina mama wa jikoni waliokaa miaka. Kisha nendeni pamoja kwa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, si mmoja mmoja. Wao ndio wanaojadiliana na chama cha wenye hoteli, na wakifika mezani mara nyingi huulizwa asilimia. Waambieni waweke na saa: ratiba ijulikane mapema, na aliyepo apewe kazi kabla ya kuletwa mgeni kutoka nje. Waulizeni pia kama hoteli yenu imo kwenye mkataba wao, na mkipata nakala nitumie kurasa za vibarua nizisome.

Nimetuma kidogo kwa simu kwa ajili ya madaftari na nauli ya kwenda ofisi za chama. Usinirudishie. Msalimie mama, mwambie ule mkeka umefika salama na umetandikwa. Salim asome.

Wako akupendaye,
Shoga yako Mama Rehema