Msiisingizie tabianchi kila kitu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kimyakimya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, lakini ile habari ya misitu ya Kondoa imenikaa kooni. Mwandishi wenu katembezwa na mtaalamu, kaonyeshwa miti iliyokauka, kaandika "mabadiliko ya tabianchi", kapanda gari karudi zake.

Ukame siubishii. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na mti uliokosa maji huishiwa nguvu, wadudu wanaotoboa shina wakaumalizia. Lakini moto je? Mvua za El Nino za 2023/24 ziliotesha nyasi za kufika kiunoni, na zilipokauka zikawa kuni tupu. Moto wa Mei au Juni hupita chini chini. Wa Septemba na Oktoba, kila kitu kikiwa kikavu na upepo unavuma, hauachi kitu. Mche wa mninga wenyewe kwa miaka kadhaa hufa juu kila kiangazi huku mizizi ikijijenga. Ukiuchoma kila mwaka utakuwa mti lini? Mwaka jana Oktoba, nikiwa nyuma ya zizi langu, niliuona moto unapanda mlimani, umewashwa na mtu anayetaka majani mabichi ya mifugo yake. Nikapiga simu kwa wahusika. Kijana akaniuliza: moto uko upande wa hifadhi au wa kijiji? Nikamwambia pande zote mbili. Akasema, "Basi mzee, anzia kwa mtendaji." Mtendaji alikuwa msibani.

Wazee wenzangu wanaikumbuka HADO ya 1973, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na jinsi ng'ombe walivyoondolewa 1979. Tulinung'unika, tena sana, lakini yale makorongo mekundu yaliota miti. Kumbe inawezekana.

Na huko Dodoma mjini nako! Miche inapandwa katikati ya kiangazi kwa ngoma na fulana, picha zinapigwa, wiki chache baadaye ni vijiti. Hiyo nayo mtasema tabianchi?

Napendekeza kila mgeni rasmi anayepanda mche akabidhiwe ndoo ya lita 20 na zamu ya kumwagilia kila Jumamosi hadi mvua za Desemba. Mwaka ukiisha, gazeti lako lichapishe picha ya mche huo, naye kasimama pembeni, kavaa fulana ileile.

Mfugaji mstaafu,
Kondoa