Waris Hussein mnamsifu, wa kwetu anaulizwa babu yake

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi bila kuandika neno, ila ile makala yenu juu ya Waris Hussein, mwongozaji wa filamu, imenichokoza. Mmemsifu vizuri: mzaliwa wa Lucknow, India, akapelekwa Uingereza mtoto mwaka 1946, akasoma Cambridge, akawa mwongozaji BBC. Penye utamu mkaparuka. Mwaka 1963, akiwa na miaka 24, alikabidhiwa kuanzisha Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC. Kipindi cha kwanza kiliporekodiwa, mkubwa wao Sydney Newman, naye mtu wa Kanada, alikikataa. Hussein hakufukuzwa, alirudishiwa kamera arekodi upya. Na mwaka 1978 Mhindi huyo huyo akaaminiwa kisa cha mfalme wao Edward wa Nane, aliyeacha kiti kwa ajili ya mwanamke.

Sasa njooni Ujiji. Mpwa wangu aliomba kibali cha kurekodi mwaloni Kibirizi, filamu ya wavuvi wa dagaa, kamera ya kuazima, wasanii wa kulipwa chai na chapati. Ofisi siitaji, wenyewe wanajijua. Skripti haikufunuliwa hata ukurasa mmoja! Akaulizwa babu yake kazaliwa upande gani wa ziwa. Akasema Ujiji. Na baba wa babu? Kijana wa Kimanyema ajibu nini, ikiwa wazee wake walivuka kutoka Kongo kabla Mjerumani hajafikisha reli hapa? Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha baba, kisha barua ya mtendaji, kisha barua ikaonekana muhuri umefifia. Siku za giza, ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, zikaisha, mbalamwezi ikarudi, wavuvi wakazima taa, mwenye kamera akaja kudai kamera yake. Mfalme wa Uingereza anasimuliwa na mgeni, dagaa wa Kigoma hawasimuliwi na mjukuu wa Ujiji.

Na wenye vibanda vya video vya Mwanga, hapa Kigoma mjini, nao wajirekebishe. Filamu ikikaribia mwisho wanakata, eti mechi inaanza, jina la mwongozaji halionekani. Anayetafsiri, lake analitaja kila dakika.

Napendekeza afisa anayetafuta babu wa msanii aanze na babu wa babu yake mwenyewe: alizaliwa wapi, na mashahidi wawili waliokuwepo waletwe wakiwa hai. Akiwakosa, asaini kibali kabla ya saa sita mchana, kwa muhuri wenye wino.

Mjomba mtu,
Ujiji, Kigoma