Barua kwa Zainabu

Mpendwa Zainabu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Umeniuliza kwa nini programu unayopangia kurasa inaita nafasi ya kati ya mistari "leading". Ni kwa sababu ya risasi, yaani "lead". Zamani herufi zilikuwa vipande vya madini, zikipangwa moja moja kwa mkono. Fundi asiyetaka mistari ibanane alichomeka ukanda mwembamba wa risasi katikati yake.

Nayapenda maneno haya kwa kuwa yametoka kwa mafundi wenyewe. "Uppercase" na "lowercase" ni makasha mawili ya mbao yenye vijumba vingi, yaliyosimama mbele ya mpangaji: la juu lina herufi kubwa, la chini, karibu na mkono, lina herufi ndogo, maana ndizo zinazochotwa kila mara. "Font", yaani aina ya herufi, ni neno lenye asili ya Kifaransa linalohusu kuyeyusha na kumimina madini. Na "italic" ni Italia, alikochapa Aldus Manutius wa Venice. Mwaka 1501 alitoa kitabu kizima kwa herufi hizo za mlazo, ila aliyezichonga ni Francesco Griffo. Nasikitika watu wakimtaja Aldus peke yake.

Sasa nije kwenye "stereotype", ambayo sichoki kuifikiria. Risasi ni ghali, na ukurasa uliokwisha kupangwa unazuia herufi zake zisifanye kazi nyingine. Basi mafundi wakawa wanatengeneza kalibu ya ukurasa mzima, wanamimina madini, wanapata bamba moja gumu. Firmin Didot wa Paris ndiye aliyelipa jina hilo, mwishoni mwa karne ya 18, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kigumu. Bamba la namna hiyo Wafaransa waliliita pia "cliché", neno ambalo leo ni msemo uliochakaa.

Kubadili herufi moja kwenye bamba ni kazi kubwa. Likitoka na kosa, kosa linajirudia kwenye kila nakala. Kwa hiyo mwaka 1922, Mmarekani Walter Lippmann alipoliita "stereotype" lile wazo tunalokuwa nalo kuhusu watu kabla hatujawaona, naona alichagua kwa haki kabisa.

Neno letu "chapa" nalo limetoka Bara Hindi. Ukikutana na wazee waliopanga herufi za risasi hapo Mombasa, waulize yale makasha waliyaitaje, uniandikie.

Wako akupendaye,
Mwanaisha